Udongo wa huku si ule niliouzoea: nitafinyangaje kazi kuhusu uenyeji?

Mfinyanzi Mgeni ameuliza:

Ndugu wafinyanzi na wapenzi wa sanaa ya udongo, nawasalimu nyote, na wakubwa zangu shikamooni.

Nimefinyanga kwa miaka kumi na minne. Miaka miwili iliyopita nilihama kutoka mahali nilipojifunzia kazi hii, nikaja kuishi mahali ambapo sikuwa na ndugu wala rafiki. Sasa nimepewa nafasi ya kufanya maonyesho yangu ya kwanza huku, nami nimechagua kuzungumzia jambo linalonikosesha usingizi tangu nilipofika: mtu huwa wa mahali fulani tangu lini, na ni nani anayeamua kwamba amekuwa? Nilidhani kwamba, kwa kuwa mikono yangu inaijua kazi, udongo ungeniongoza hadi kwenye jibu. Haikuwa hivyo.

Umbo ninalolitegemea tangu ujana wangu ni mtungi mkubwa wenye tumbo pana na shingo nyembamba, unaojengwa kwa kuzungusha kamba za udongo bila gurudumu. Kule nilikotoka nilikuwa nikijenga tumbo jioni, nikiliacha likaze usiku kucha, na asubuhi nikiongeza shingo. Huku nimefanya vivyo hivyo kwa udongo wa hapa, ambao ni mwekundu uliokoza na laini mno, usio na chembe hata moja inayokwaruza kidole, na mitungi saba kati ya tisa imepasuka. Ufa hauanzii popote pale. Huanzia mahali bega linapokutana na shingo, ukazunguka mwembamba kama uzi, na siku ya tatu nikiishika shingo inabaki mkononi mwangu.

Mitungi miwili iliyosalia ilifika jokoni ikatoka mizima. Kila aliyeiona karakanani alisema neno lile lile, kwamba ni vyombo vizuri vya kwetu kule nilikotoka. Walisema kwa wema, nami nilishukuru, ila moyo uliniuma, kwa sababu udongo ule umechimbwa hapa hapa, maji niliyoukandia ni ya hapa, kuni zilizouchoma ni za hapa, na bado chombo kilihesabiwa kuwa mgeni kama mimi.

Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, niagize udongo wa kule ili nifinyange kama nilivyozoea? Nimebaki na donge moja tu, ukubwa wa ngumi mbili, nalo limekauka kama jiwe. Pili, wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, na methali hiyo hunirudia kila ninapojaribu umbo jipya. Lakini nikishikilia umbo la zamani naona kana kwamba nauza kumbukumbu kwa watu wasiozihitaji. Waliopitia njia hii walifanyaje?

Fundi wa Joko amejibu:

Ndugu Mfinyanzi Mgeni, pole sana kwa mitungi hiyo saba. Nitajibu swali la kwanza tu, kwa kuwa ndilo ninaloliweza, ingawa nadhani sehemu ya jibu la pili imejificha humo.

Ufa ulioueleza una sababu inayojulikana. Udongo husinyaa unapokauka, na ukichomwa husinyaa tena. Kwa udongo mwingi wa kufinyangia, jumla ya kusinyaa huko huwa kati ya asilimia 8 na 15, na kadiri chembe zake zilivyo ndogo ndivyo unavyobeba maji mengi na kujivuta zaidi. Naamini udongo wako wa zamani ulikuwa na mchanga, kwa hiyo tumbo lililolala usiku kucha lilikuwa limesinyaa kidogo tu, na shingo mbichi ilipowekwa asubuhi tofauti kati yao ilivumilika. Udongo wa huko uliko una tabia nyingine. Tumbo likilala usiku mzima limekwisha kujivuta. Ukiliwekea shingo yenye maji, shingo itajivuta peke yake juu ya bega lisilosogea tena, na lazima paachie. Wahenga walisema udongo uwahi ungali maji, nawe lichukue neno hilo lilivyo: funika tumbo kwa mfuko wa plastiki na uongeze shingo siku ile ile, tumbo likishapata nguvu ya kuibeba tu. Mikono yako haijakosea ufundi. Inafuata saa za udongo mwingine.

Kabla ya mtungi wa kumi, fanya kipimo. Kata vipande bapa vyenye urefu wa sentimita 14, upana wa 4 na unene wa 1. Juu ya kila kipande, kingali kibichi, chora kwa ncha ya kisu mstari wa milimita 100 kamili. Vikaushe taratibu ukivigeuza ili visipinde, upime mstari, uvichome, upime tena. Mstari ukisomeka milimita 89, udongo wako umesinyaa kwa asilimia 11. Fanya hivyo kwa udongo wa huko na kwa ule wa zamani. Donge lako lililokauka si jiwe: livunjevunje, ulimwagie maji, ulikalie mbali, nalo litafumuka lenyewe, kwani udongo ambao haujaonja moto hurudi kuwa tope hata baada ya miaka mingi. Hiyo mitungi saba nayo, kama hukuichoma, usiitupe. Iloweke.

Kuhusu kuagiza, nchi nyingi huzuia au huwekea masharti makali udongo mbichi unaovuka mpaka, kwa kuhofia wadudu na magonjwa ya mimea, kwa hiyo ulizia kwanza. Lakini huenda huhitaji kuagiza. Je, una chombo chochote kilichovunjika, ulichokuja nacho kutoka kule? Ukiponda vigae vyake, ukavichekecha mpaka upate chenga kama mchanga, unaweza kuzikanda ndani ya udongo wa huko, ukianza na asilimia 10 ya uzito na kupanda hadi 20. Chenga hizo zimekwisha kusinyaa zilipochomwa, hazitasinyaa tena, kwa hiyo hupunguza kujivuta kwa mchanganyiko wote na kuyafungulia maji njia ya kutoka. Wafinyanzi wa Acoma, huko New Mexico nchini Marekani, kwa vizazi vingi wamekuwa wakisaga vigae vya vyungu vya zamani na kuvitia katika udongo mpya, hivi kwamba chungu kimoja kinaweza kuwa na ndani yake chungu kilichovunjika kabla mfinyanzi hajazaliwa.

Tafadhali ponda vigae vikiwa na unyevu, na uvae barakoa. Vumbi la udongo lina silika, na silika haitoki mapafuni.

Msomaji wa Vyungu amejibu:

Mimi si mfinyanzi, ni mtu anayesoma habari za vyombo, na nimeguswa na maneno yako kwamba chombo kilihesabiwa kuwa mgeni. Historia ya kauri imejaa watu waliohama, wengine kwa hiari na wengi bila hiari.

Lucie Rie alizaliwa Vienna mwaka 1902, akawa tayari ni mfinyanzi mwenye jina pale alipolazimika kukimbilia London mwaka 1938. Huko hakuna aliyekuwa akimsubiri. Alijipatia riziki kwa kutengeneza vifungo vya nguo vya udongo. Bernard Leach, aliyekuwa na sauti kubwa kuliko wote katika ufinyanzi wa Uingereza wakati huo, aliona kwamba vyombo vyake ni vyembamba mno, naye Rie kwa muda alijaribu kufinyanga vyombo vizito kama walivyopenda wenyeji. Aliyemtia moyo arudie wembamba wake alikuwa mkimbizi mwingine, Hans Coper, kijana kutoka Ujerumani aliyeingia karakana yake mwaka 1946 bila kuwahi kujifunza ufinyanzi. Leo ukitafuta habari za kauri ya Uingereza ya karne ya ishirini, utakutana na vyombo vile vile vyembamba vilivyoonekana kuwa havifai. Wenyeji ndio waliosogea, na ilichukua miaka.

Magdalene Odundo yeye alizaliwa Nairobi mwaka 1950, akaenda Uingereza mwaka 1971 kusomea usanifu wa picha, na huko ndiko alikoukuta udongo. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu ya methali iliyokutesa. Odundo hakubeba ufinyanzi kutoka kwao; aliufuata baadaye, tena kwa kuzunguka. Katika miaka ya 1974 na 1975 alikwenda Abuja, Nigeria (mji ambao leo unaitwa Suleja, si mji mkuu wa sasa), kwenye kituo cha ufinyanzi alichokianzisha Michael Cardew, akajifunza kwa wanawake waliokuwa wakijenga mitungi kwa mkono, akiwamo Ladi Kwali, ambaye picha yake iko kwenye noti ya naira 20. Alifika pia New Mexico, kwa wafinyanzi wa San Ildefonso wanaojulikana kwa vyungu vyeusi. Vyombo vyake havina glezi, yaani ule utando wa kioo unaoyeyukia juu ya chombo; huvijenga kwa mkono, huvipaka uji mwepesi wa udongo na kuvisugua hadi ving'ae, na moto wenyewe ndio unaovipa rangi. Penye hewa ya kutosha udongo wenye chuma hutoka mwekundu. Ukichomwa tena ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na vitu vinavyotoa moshi, ukanyimwa hewa, hutoka mweusi. Simama mbele ya mtungi wake ujaribu kusema ni wa wapi. Utataja mahali patano, na utakuwa hujakosea hata mara moja.

Sitaki lakini nikupe habari za ushindi tu. Wakati majeshi ya Japani yalipoivamia Korea kati ya 1592 na 1598, wafinyanzi wengi wa Korea walichukuliwa kwa nguvu. Masimulizi ya mji wa Arita yanamtaja mmoja wao, Yi Sam-pyeong, kuwa ndiye aliyegundua huko mwaka 1616 jiwe linalofaa kwa kauri nyeupe, na kauri nyeupe ya Japani ikaanzia hapo. Mji mzima ukasimama juu ya kazi ya mateka. Je, Arita palikuwa kwake? Mji umemjengea mnara, lakini mnara ni jibu la mji, na jibu lake yeye halikuandikwa.

Jambo la mwisho, ambalo huenda likakufaa kwa maonyesho. Wataalamu wa miamba hugawa udongo katika makundi mawili. Kuna udongo uliobaki pale pale mwamba wake ulipooza. Huo mara nyingi ni mweupe na safi, lakini chembe zake ni kubwa na haukubali kufinyangwa kwa urahisi. Kuna na udongo uliochukuliwa na maji, ukasagwa njiani, ukaokota chuma na mabaki ya mimea, ukatua mbali kabisa na mwamba uliouzaa. Huo wa pili ndio unaofinyangika vizuri zaidi. Udongo wako mwekundu na laini, kwa jinsi ulivyoueleza, bila shaka ni wa kundi hilo. Nao ulihamia hapo.

Mama Karakana amejibu:

Marahaba, mwanangu.

Nimesoma majibu ya ndugu zangu wawili na nimejifunza, hasa habari za vipimo, ambazo vijana wangu karakanani huziruka kila siku. Naomba hata hivyo kutofautiana na Msomaji wa Vyungu katika neno lake la mwisho. Habari za udongo uliosafiri ni za kweli, lakini nakuomba usiziandike ukutani kwenye maonyesho yako. Udongo haukuaga mtu. Haukulala macho usiku wa kwanza ukisikiliza sauti za mtaa usioujua. Mtazamaji akishasoma kwamba hata udongo nao ni mhamiaji, atatikisa kichwa, atafurahi, ataondoka, na wewe utabaki pale pale ulipokuwa. Nimehama mara mbili katika maisha yangu na nimechoka kufananishwa na mito, mbegu na ndege.

Nataka nikuulize jambo ambalo hukuligusa. Hao waliosema ni vyombo vizuri vya kwenu, waliviona wapi? Juu ya rafu. Chombo kilicho juu ya rafu hutazamwa umbo, na umbo lako ni la kule, kwa hiyo walisema kweli. Hakuna aliyekinyanyua kikiwa na maji. Hakuna aliyejua kinalemea upande gani, wala mdomo wake unamwagaje. Mfinyanzi hulia gaeni, tunasema, kwa maana kwamba vilivyo vizima vyote amewapa watu. Wewe vyako vizima umewapa nani tangu ulipofika huko?

Sikulaumu. Mtu mgeni huogopa kutoa, kwa sababu kutoa ni kukubali kukataliwa. Nami mwaka wangu wa kwanza nilificha vyombo vyangu chini ya turubai, nikijiambia kwamba havijawa tayari, mpaka jirani mmoja aliyekuja kuazima ndoo akafunua turubai akachukua kimoja bila hata kuniuliza. Nilikasirika siku nzima.

Ushauri wangu ni huu. Iache mitungi mikubwa kwa sasa. Finyanga vyombo vidogo vya maji, usivitie glezi, uvichome kwa moto wa chini, nyuzijoto 900 hadi 1,000 hivi, ili vibaki na vinyweleo. Maji yatapenya kidogo hadi nje, yatakauka kwa hewa, na hiyo ndiyo itakayoyapoza yaliyomo. Chombo cha namna hiyo hakifichi kitu: kila mkono unaokishika na kila maji yanayokaa ndani yake huacha alama. Wape watu wa mtaa wako wavitumie miezi kadhaa, kisha waombe wavirudishe kwa ajili ya maonyesho. Utakavyovipokea ndivyo utakavyovionyesha, bila kuvisafisha. Kama havitarudi na alama yoyote, basi utakuwa umejua hilo, nalo pia lionyeshwe.

Na umbo, mwanangu, usilikane. Ile methali haikusema mtu akae pale pale. Ilisema asiache. Unaweza kukibeba kitu mkononi na huku unatembea.

Fundi wa Joko amejibu:

Naunga mkono hoja ya Mama Karakana, na naongeza la kiufundi tu: vyombo hivyo visiwekwe jokoni kabla havijakauka kabisa. Chombo chenye kuta nene kidogo kinaweza kuonekana kikavu na bado kina maji katikati, na maji hayo yakigeuka mvuke ghafla hukipasua. Kiweke shavuni. Kikiwa baridi kuliko hewa, hakijakauka.

Mfinyanzi Mgeni amejibu, baada ya miezi minne:

Wakubwa zangu na ndugu zangu, samahani kwa kukaa kimya. Nilitaka nirudi na kitu cha kuwaambia.

Nilifanya vipimo. Udongo wa zamani ulisomeka milimita 93, wa hapa 88. Nilivilaza vipande hivyo viwili mezani kimoja kando ya kingine, nikaviangalia kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Milimita tano! Mikono yangu ilikuwa imegombana na milimita tano kwa miaka miwili, nami nikidhani kwamba nimesahau kazi.

Nilikuwa na bakuli lililovunjika njiani siku ya kuhama, ambalo nilikuwa nimelitunza vipande vipande ndani ya gazeti bila kujua ninalitunzia nini. Nililiponda. Sikulia, ingawa nilidhani ningelia. Nilikuwa nimeshughulika na chekecheo. Kwa asilimia 20 ya chenga mstari ulisomeka milimita 90, na shingo zikashika. Chenga zilitosha mitungi mitatu tu. Ukiisugua kwa jiwe laini kisha ukaisogeza dirishani, unaona nukta za manjano ndani ya wekundu, ndogo sana, na mtu asiyeambiwa haoni. Sijaandika chochote kuzihusu. Ile mitungi saba iliyopasuka iliyeyuka yote ndani ya pipa, na tope lake ndilo nililofinyangia vyombo vidogo.

Mama, nilikusikiliza, ingawa usiku ule nilikasirika kidogo kwa swali lako la nimewapa nani. Nilifinyanga vyombo sita, nikavigawa kwa watu sita wa mtaa huu, wanne kati yao nikiwa sijawahi kuongea nao zaidi ya salamu. Wiki iliyopita nilianza kuvikusanya. Sikutegemea nilichokiona. Maji ya hapa yana chumvi nyingi za madini, na kila chombo kimerudi na mistari myeupe iliyotokeza nje ya kuta, pale maji yalipopenya na kukauka, mstari juu ya mstari, kila mmoja ukionyesha maji yalifika kimo gani. Kimoja kimesuguliwa upande wa kushoto hadi kimeng'aa, na mwenye nacho akaniambia kwamba mama yake mzee hutumia mkono huo. Kingine kimemeguka mdomo, na wamekirudisha pamoja na kipande chenyewe, kimefungwa katika karatasi.

Vimerudi vitano. Wa sita nilimwendea mara mbili. Mara ya pili alinipokea mlangoni, akasikiliza maelezo yangu yote kuhusu maonyesho, tarehe na ukumbi, kisha akaniambia kwa adabu kabisa kwamba hataweza kukitoa, kwa kuwa kina maji. Nimeacha nafasi yake tupu kwenye rafu ya maonyesho, kati ya cha tatu na cha tano.